UZI: Kutambua AC ya kiwandani kwenye Land Cruiser HZJ75 ya zamani, na gesi iliyojengewa

Chuma75:
Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa kutambua mfumo wa AC kwenye Land Cruiser HZJ75, usukani kulia, injini 1HZ. Kompresa (pampu ya gesi) ipo, kondensa (ile rejeta ya AC inayotoa joto nje) ipo, baridi hakuna. Lebo ya AC chini ya boneti imebanduka. Fundi mmoja anasema gari lilitoka kiwandani bila AC na hii imefungwa baadaye, mwingine anasema ni ya kiwandani na inatumia gesi ya R134a. Kabla sijanunua kifaa chochote nataka kujua: ni alama zipi za kuangalia, na zinasemaje?

FundiBaridi:
Karibu mkuu. Kwanza tenganisha maswali matatu, maana watu huyachanganya halafu wakaagiza vifaa visivyoingia.

La kwanza: nani aliifunga, kiwanda au mtu wa baadaye? La pili: mfumo ulijengewa gesi gani, R12 au R134a? La tatu: ndani yake sasa hivi kuna gesi gani? Kila swali lina ushahidi wake. Mafundi wako wawili wanaweza kuwa wamekosea wote, au kila mmoja amejibu swali tofauti na la mwenzake.

Anza na umri wa gari. Watengenezaji wengi walihama kutoka R12 kwenda R134a kati ya 1992 na 1995, kwa sababu ya Mkataba wa Montreal wa 1987 uliokuja kuzuia gesi zinazoharibu tabaka la ozoni. HZJ75 ilianza kutoka 1990, kwa hiyo gari lako linaweza kuwa upande wowote. Usitegemee mwaka ulioandikwa kwenye kadi ya gari, mara nyingi huo ni mwaka wa kusajiliwa. Vuta mkanda wa kiti hadi mwisho usome kitambaa kilichoshonwa chini kabisa, pale huwa pana tarehe ya kutengenezwa mkanda. Linganisha na mkanda wa upande wa pili, maana mmoja unaweza kuwa umebadilishwa.

Kisha ingia ndani ya kabini, kabla hata hujafungua boneti. Toa droo ya dashibodi upande wa abiria. Kwenye Toyota za kizazi hiki, kutoka upande wa mlango kuja katikati kuna boksi la feni, halafu nafasi ya kati, halafu boksi la hita. Gari lililotoka kiwandani bila AC huwa na bomba la plastiki tupu pale katikati, la kupitisha hewa tu. Lenye AC ya kiwandani huwa na boksi jeusi la ivaporeta (sehemu inayopoza hewa ya kabini) limekaa mahali pale pale, limebanwa na boksi mbili za jirani kwa vipimo vyake, bila povu la kuziba wala bati la kukunjwa. Mabomba mawili ya aluminiamu yanatoka kwenye tundu la ukuta wa injini lenye mpira wake wa duara. Tundu likiwa limetobolewa kwa drili, kingo zina makovu na limezibwa kwa silikoni, jibu unalo.

AC ya kufungwa baadaye mara nyingi ni boksi linaloning'inia chini ya dashibodi, lina matundu yake ya hewa na vitufe vyake viwili: kimoja cha feni, kingine cha kiwango cha baridi. Angalia nyuma ya hicho cha baridi. Ukikuta waya mwembamba wa shaba wenye tundu ndani, umeingia kati ya mapezi ya ivaporeta, hiyo ni thamostati ya kufunga. Ya kiwandani ya wakati huo hutumia themista, kihisi cha joto, kijiti kidogo chenye waya mbili za umeme kwenda kwenye kiboksi cha elektroniki, na kitufe cha A/C kipo kwenye paneli ile ile ya hita.

Soma lebo iliyobandikwa kwenye boksi la ivaporeta. Ukikuta jina NIPPONDENSO na namba inayoanza na 447, hiyo ni kazi ya kampuni iliyokuwa ikiipa Toyota vifaa vya AC. Kampuni hiyo ilibadili jina kuwa Denso mwaka 1996. Kwa kawaida kompresa yenye jina DENSO peke yake kwenye gari la 1992 ni ya kubadilishwa, hata kama imekaa mahali sahihi.

Baridi254:
Nakazia hapo kwa FundiBaridi, na naongezea upande wa injini.

Kompresa za Nippondenso za wakati huo zinajieleza kwa jina. 10PA15: mitungi 10, P ni pistoni, 15 ni ujazo wa takriban sm³ 155. 10PA17 ni takriban 178, 10PA20 takriban 200. Kwa umbo ni ndefu na ya duara, kwa sababu pistoni zinafanya kazi pande zote mbili. Ukikuta Sanden SD508 (mitungi 5, takriban sm³ 138) au SD7H15 (mitungi 7, sm³ 155), hizo ndizo zinazokuja sana na vifaa vya kufungwa baadaye. Ni kompresa nzuri tu, ila zinabadilisha hesabu ya mafuta, mkanda na viungo vya mabomba.

Kibano kinasema zaidi ya kompresa yenyewe. Cha kiwandani ni chuma cha kumimina, kinashikwa na bolti kwenye matundu yaliyokuwapo tayari kwenye injini, na kuna puli ndogo ya kukazia mkanda. Cha mtaani ni mabati mazito yaliyochomelewa, na marekebisho yake yako kwenye tundu refu lililokatwa kwa gesi. Weka rula kwenye uso wa puli: mkanda ukitoka nje ya mstari hata milimita mbili, kibano si cha kiwandani au kimepinda, na mkanda utaliwa upande mmoja.

Kwa wenye orodha za vipuri vya Toyota: 88320 kompresa, 88460 kondensa, 88471 draya (kopo la kunyonya unyevu kwenye gesi), 88501 ivaporeta, 88515 ekspansheni valvu (inayoshusha presha ya gesi kabla ya ivaporeta). Sehemu ya pili ya namba ikianza na 60, kifaa ni cha ukoo wa Land Cruiser. Namba zinazoanza na 08 ni za vifaa vya ziada, yaani vilivyofungwa na muuzaji.

Mutrah_4x4:
Wadau salaam, nachangia kutoka Muscat, kwa sababu magari mengi ya huko kwenu yamepitia huku. Someni bamba la fremu. Baada ya HZJ75 kuna herufi, kistari na herufi nyingine, na herufi ya mwisho kwenye magari mengi inaonyesha soko: V ni nchi za Ghuba, Q ni Australia, W ni Ulaya. Kwenye magari ya soko la jumla, yaani la nchi nyinginezo, herufi hiyo huwa haipo.

Ila V haimaanishi kwamba AC ni ya kiwandani. Yapo ambayo AC yake ilifungwa na msambazaji, kazi safi, boksi zuri, lakini namba za vifaa si zile za 88. Pia huku ziko zenye kipozeo cha nyuma. Chungulieni chini ya gari: mabomba mawili, moja nene moja jembamba, yakipita pembeni mwa chesesi kwenda nyuma ni ushahidi hata kama boksi la nyuma lilishatolewa. Hayo mabomba yakikatwa na kuzibwa vibaya ndipo gesi inapovujia, na fundi atahangaika na kompresa bure.

Chuma75:
Shukrani sana wakuu. Swali kabla sijaingia kazini: yule fundi wa pili aliunga geji injini ikiwa imezimwa, akasoma kama psi 90 akasema "hii ni R134a, presha yake ndiyo hiyo." Ni kweli?

FundiBaridi:
Kusoma hivyo hakutoshi, mkuu. Hapa wengi wanaangukia.

Gari likiwa limezimwa na likapoa kabisa, presha ya ndani inafuata joto la gesi, mradi bado kuna kimiminika ndani. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi R134a husoma takriban psi 97. R12 kwenye joto hilo hilo husoma takriban 93. Kwenye nyuzi 25 ni 82 kwa 80. Tofauti hiyo inamezwa na kosa la geji ya kawaida na la kipimajoto. Kwa presha hutaweza kuzitenganisha gesi hizi mbili.

Ila presha inakufaa kwa jambo lingine. R22, ile ya AC za nyumbani, kwenye nyuzi 30 husoma takriban 158, na kwenye 25 takriban 137. Kwa hiyo ukisoma juu sana, kuna R22, au kuna hewa iliyobaki ndani, au ni mchanganyiko. Ukisoma chini sana ya jedwali, kimiminika kimeisha na gesi ni kidogo, hapo huwezi kusema lolote kuhusu aina yake.

Pima asubuhi kabla gari halijawashwa, limelala kivulini, na kipimajoto kikae kwenye kondensa, si hewani. Injini yenye moto inapasha upande mmoja na kukupa namba ya uongo.

Gesi za kupikia nazo ziko mtaani, mchanganyiko wa propani na butani unaosoma karibu sawa na R12. Zinapoza vizuri, lakini ivaporeta iko ndani ya kabini na gesi hiyo inawaka. Kifaa cha kutambua gesi ndicho kinachomaliza ubishi. Ukimpata fundi mwenye nacho, lipa hiyo pesa kabla ya kitu kingine chochote.

Baridi254:
Sasa swali la pili, mfumo ulijengewa gesi gani. Macho yaende kwenye nozeli za kujazia.

R12: nozeli zina nyuzi nje, mpira wa kujazia unafungwa kwa kuzungusha kama wa tairi. Kwenye Nippondenso za zamani mara nyingi ziko juu ya kompresa yenyewe, pembeni ya herufi za kuvuta na kusukuma. R134a: nozeli ni laini nje, kiungo kinabonyezwa na kujifunga chenyewe, milimita 13 upande wa chini na 16 upande wa juu, na kwa kawaida ziko kwenye mabomba.

Usiishie hapo. Nozeli ndiyo sehemu rahisi kuliko zote kubadilishwa. Shika nozeli ya R134a kwa vidole uangalie shina lake. Ikiwa imechomelewa au ni kipande kimoja na bomba, ni ya asili. Ukiona chini yake pete yenye pande sita za kushikia spana, au msitari ambapo metali mbili za rangi tofauti zinakutana, hiyo ni adapta iliyofungwa juu ya nozeli ya R12. Mfumo huo ulijengewa R12, hata kama kila mtu aliyeugusa tangu hapo ameweka R134a.

Shahidi wa pili ni kondensa. Ya wakati wa R12 mara nyingi ni bomba bapa moja pana linalokwenda na kurudi kama nyoka. Za R134a nyingi zina mabomba membamba mengi sambamba, na nguzo mbili za wima kulia na kushoto. R134a inadai kondensa itoe joto vizuri zaidi, ndiyo maana gari lililobadilishiwa gesi bila kubadilishiwa kondensa linapoza barabarani na kushindwa kwenye foleni.

Shahidi wa tatu ni draya. Chembe zake za kunyonya unyevu za aina ya XH-5 zilikuwa za R12, zikikutana na R134a zinamomonyoka. XH-7 na XH-9 zinafaa R134a. Ikiwa draya ina stika ya R134a iliyo mpya kuliko vitu vyote vya jirani, ni ya kubadilishwa, haithibitishi chochote.

Pangani_Diesel:
Naongezea kuhusu kile kioo kidogo juu ya draya, maana watu wanakitumia kupimia kila kitu. Kwenye R12 kioo kinaaminika: mapovu mengi maana yake gesi pungufu, kikiwa wazi na baridi ipo maana yake imetosha. Kwenye R134a mapovu machache yanaweza kubaki hata gesi ikiwa imetimia, na fundi anayefukuza mapovu hayo anajaza kupita kiasi. Kioo kikiwa na ukungu wa maziwa au vumbi la kahawia, draya imepasuka ndani na chembe zinasafiri. Hapo kila kitu kifunguliwe.

Chuma75:
Wakuu, nimekagua yote leo asubuhi. Matokeo:

Mikanda ya viti yote miwili ni ya 1992. Bamba la fremu halina herufi ya soko mwishoni. Nyuma ya droo kuna boksi jeusi limekaa kati ya feni na hita, lebo NIPPONDENSO, namba inaanza na 447. Mpira wa duara upo ukutani. Kompresa ni 10PA15, NIPPONDENSO, kibano cha kumimina. Kondensa ni bomba moja la nyoka. Nozeli ni za kubonyeza, lakini chini zina pete ya pande sita, na nilipofungua ile ya upande wa chini kidogo nikaona nyuzi, nikarudisha haraka. Draya ina stika mpya ya R134a. Kioo kina ukungu. Presha gari likiwa limepoa, kondensa ikiwa nyuzi 27: psi 118.

FundiBaridi:
Umefanya kazi safi, mkuu. Majibu haya hapa.

Nani aliifunga: kiwanda. Boksi, tundu la ukuta, kibano na kompresa vinakubaliana, na boksi na kompresa vina jina la kabla ya 1996.

Ilijengewa gesi gani: R12. Umri wa gari, kondensa ya nyoka na nyuzi chini ya adapta vyote vinaelekea huko. Fundi wa kwanza amekosea. Wa pili amepatia kwamba ni ya kiwandani, akakosea kuhusu gesi.

Ndani kuna nini sasa: kwenye nyuzi 27 R134a safi ingesoma kama 88, R12 kama 85, R22 kama 145. Wewe una 118. Hiyo si gesi safi ya aina yoyote kati ya hizo. Ama aliyejaza hakutoa hewa kwa pampu ya vakyumu, ama kuna mchanganyiko. Usiongeze gesi juu yake hata gramu moja. Pia usiifungulie hewani: ivutwe kwa mashine na iwekwe kwenye mtungi wa gesi chafu, kwa sababu huenda ina R12 au R22, na hizo zote zinakula ozoni.

R12 usiitafute. Nchi zinazoendelea ziliacha kuitumia mwaka 2010, na mtungi utakaouziwa mtaani ukiitwa R12 hakuna anayejua una nini. Badilisha kwenda R134a kikamilifu, kwa utaratibu huu.

Baada ya gesi kuvutwa, fungua kompresa, iinamishe juu ya kikombe chenye vipimo, zungusha klachi kwa mkono mpaka mafuta yaishe. Andika kiasi na uangalie rangi. Mafuta ya R12 ni ya madini (ND-OIL 6 kwa kompresa hii) na hayachanganyiki na R134a: yanajikusanya chini ya ivaporeta, kompresa inabaki kavu na kufa. Mafuta ya R134a ya Nippondenso ni ND-OIL 8, aina ya PAG, lakini mabaki ya klorini ya R12 yanayaharibu. Kwa mfumo wa kubadilisha kama wako napendelea mafuta ya esta, yanavumilia mabaki.

Osha mabomba, kondensa na ivaporeta kwa dawa ya kusafishia AC, kisha kausha kwa naitrojeni. Usipitishe dawa kwenye kompresa, draya wala ekspansheni valvu. Kwa ukungu ulioona, draya na valvu ni za kutupa. Kondensa yako ukiweza ibadilishe na ya mabomba sambamba yenye vipimo vile vile. Oringi (pete za mpira za kwenye viungo) zote ziwe za HNBR, aina ya mpira inayofaa R134a, nyingi ni za kijani, zipakwe mafuta yale yale ya kompresa kabla ya kufungwa, kamwe si grisi.

Mafuta: kwa kuwa umeosha mfumo wote, rudisha kiwango kamili cha mfumo kama lebo ya kompresa inavyosema. Anayebadilisha kifaa kimoja bila kuosha huongeza cha kifaa hicho tu, takriban sm³ 40 kwa kondensa, 40 kwa ivaporeta, 20 kwa draya.

Swichi ya presha nayo ibadilishwe. Ya R12 hukata karibu kilo 27 kwa sm², ya R134a karibu 32. Ukiacha ya zamani, AC itajizima mchana wa jua kali na utadhani kompresa imekufa.

Gesi: takriban asilimia 85 ya kiasi cha R12. Kama kitabu kinasema gramu 900 za R12, weka kama 765. Ijazwe kwa mizani.

Usangu_Offroad:
Mkuu, kama kazi unaifanyia nyanda za juu, kuna jambo la vakyumu. Vitabu vinasema shusha hadi inchi 29.5 za zebaki. Hiyo ni ya usawa wa bahari. Kila mita 300 unazopanda, geji inapungua karibu inchi moja. Nairobi na Mbeya, karibu mita 1,700, mwisho wake ni kama 24 na nusu. Arusha ni 25 na kidogo. Fundi asiyejua hili ataiacha pampu saa nzima akitafuta 29 ambayo haipo, au atasema mfumo unavuja. Iendeshe dakika 30 hadi 45, funga valvu, subiri dakika 10 au zaidi. Sindano isipande.

Chuma75:
Nimeelewa. Sasa nitajuaje kwamba kompresa yenyewe bado inafaa kabla sijaigharamia yote haya?

Baridi254:
Pima koili ya klachi kwa mita ikiwa imepoa: ohmu 3.4 hadi 3.8 ni sawa. Ikisoma chini sana imeungua ndani na itakula fyuzi. Nafasi kati ya sahani ya klachi na puli iwe milimita 0.35 hadi 0.65, ipime kwa fila geji (visahani vyembamba vya kupimia nafasi) sehemu tatu za duara. Ikizidi, klachi inashika ikiwa baridi na kuachia ikipata moto, na hiyo inatengenezeka kwa kupunguza shimu (pete nyembamba za kurekebisha nafasi), si kwa kununua kompresa.

Zungusha sahani ya mbele kwa mkono: iende laini, bila kukwama wala kuchezacheza. Yale mafuta uliyomwaga kikombeni yapitishe kwenye kitambaa cheupe juani. Yakiwa na unga unaong'aa wa fedha, kompresa inajisaga na imeshasambaza chuma kwenye kondensa. Yakiwa meusi bila unga, bado inaweza kutumika baada ya kusafisha. Themista nayo usiisahau: kwenye nyuzi 25 isome karibu ohmu 1,500. Ikiwa imekatika, AC haitawaka hata ukijaza gesi vizuri.

Ukimaliza, washa injini mizunguko 1,500, feni ya mwisho, baridi ya mwisho, milango wazi, hewa inayoingia iwe nyuzi 30 hadi 35. Upande wa chini usome kilo 1.5 hadi 2.5 kwa sm², wa juu 14 hadi 16. Kwa kondensa ya nyoka wa juu utapanda kidogo. Halafu toa zile stika zote za zamani, ubandike mpya chini ya boneti: R134a, gramu ngapi, mafuta ya esta sm³ ngapi, na tarehe.